Maswali ya Afya: Vifuko vya seli vinavyobeba habari za saratani

SWALI: Shikamooni. Baba ana miaka 64, PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) imetoka 6, na daktari mjini Dodoma ameagiza akatwe kinyama cha tezi dume. Mzee anaogopa. Baba mdogo kasikia kuna kipimo cha mkojo kinachosoma chembe zinazotoka kwenye seli za saratani. Tukisubiri hicho? Msomaji, Mpwapwa.

JIBU: Marahaba. Msisubiri. Kipimo hicho kipo, kinaitwa ExoDx Prostate na kinatumika Marekani. Kila seli, nzima au yenye saratani, hutoa vifuko viitwavyo eksosomu, vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150. Chembe nyekundu moja ya damu ina nanomita zipatazo 7,000. Vifuko hivyo hubeba RNA (nakala za maagizo ya jeni) na protini za seli iliyovitoa, na vya tezi dume huonekana kwenye mkojo. Maabara husoma humo RNA za jeni PCA3 na ERG. Kwa umri na PSA yake mzee angefaa kupimwa, ila majibu ni alama ya uwezekano tu. Kama saratani ipo, na ni kali kiasi gani, huonekana kwenye kinyama chini ya hadubini. Mwambieni mzee atapigwa ganzi, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda amtajie daktari mapema.

SWALI: Nasomea maabara hapa Dodoma. Tunatafuta eksosomu za uvimbe kwenye damu inayoletwa kwa gari kutoka Kondoa, ikiwa ndani ya barafu. Mbona tunahesabu vifuko vingi kupita kiasi?

JIBU: Vingi huenda ni vya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Zikipigwa baridi, zikitikiswa njiani au zikicheleweshwa, humwaga vifuko vyake na kufunika vile vichache vya uvimbe. Hapo hata mashine ya bei mbaya haikusaidii, kwa sababu sampuli imeshaharibika.

Zungusheni damu kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungushia sampuli) hukohuko Kondoa, mara tu baada ya kuitoa. Tumieni tyubu yenye sitreti au EDTA, dawa za kuzuia damu kuganda. Heparini, nayo ya kuzuia kuganda, huzuia PCR (kipimo kinachonakili vinasaba). Tyubu isimame wima, bila barafu. Zungusheni kwa 2,500 g dakika 15, nyonyeni plazma (maji ya damu yaliyo juu) mkiacha kama sentimita moja juu ya tabaka jeupe la chembe nyeupe na sahani, kisha irudieni plazma hiyo vilevile. Angalieni hapa, maana wengi huteleza: g ni nguvu ya msukumo, si mizunguko kwa dakika. Rota (sehemu ya mashine inayozunguka) yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 inahitaji mizunguko kama 3,900 kwa dakika kufikia 2,500 g. Rota fupi inahitaji zaidi. Plazma yenye wekundu wekeni kando, chembe nyekundu zimepasuka. Iliyo safi igaweni kwenye vichupa, igandisheni kwa nyuzi hasi 80, na isiyeyuke njiani.

Mgonjwa atolewe damu kabla ya kula. Chembe za mafuta zinalingana kwa ukubwa na eksosomu, na mashine ya kuhesabu haizitofautishi. Pimeni CD9, CD63 na CD81, protini za ngozi ya vifuko, kuvithibitisha, na ApoB, protini ya chembe za mafuta, kuona mafuta yaliyobaki.