Dawa za Kutuliza Macho Yanayocheza: Jibu kwa Mama wa Morogoro

Wiki iliyopita mama mmoja wa Morogoro aliniandikia kuhusu binti yake mwenye ualbino, ambaye macho yake yanacheza tangu akiwa mchanga. Amesikia kwamba ipo dawa, na anauliza kama nimewahi kuitumia. Nimeitumia, mama.

Nami nilizaliwa na ualbino na hali hiyo, ambayo madaktari huiita nistagmasi. Macho yangu huenda kushoto na kulia bila kutumwa, na hutulia kiasi ninapogeuzia uso kulia na kutazama kwa pembe ya kushoto. Mwalimu wangu wa darasa la tano aliuona mkao huo kuwa ni dharau, akanisimamisha mbele ya wenzangu na kuniamuru niangalie "kama watu". Leo ninapitia nyaraka za kesi kwa mkao uleule, na sijasikia hakimu akilalamika.

Dawa niliyopewa ni gabapentini, inayojulikana zaidi kwa kutibu kifafa. Jaribio lililochapishwa na watafiti wa Leicester, Uingereza, mwaka 2007 liliilinganisha, kwa dozi ya hadi miligramu 2,400 kwa siku, na memantini, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, pamoja na vidonge visivyo na dawa yoyote. Dawa zote mbili zilipunguza kucheza kwa macho, lakini waliokuwa na kasoro nyingine ya jicho hawakupata nafuu ya kuona kama wale ambao macho yao yalionekana kuwa mazima. Hapo ndipo tulipo sisi wenye ualbino: sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), inayosoma herufi ndogo, haikukomaa, na hakuna kidonge kinachoikomaza.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mistari ya kitabu ilitulia kidogo, herufi zikabaki na ukungu wake, na mchana nilisinzia juu ya mafaili. Daktari aliipunguza dozi polepole hadi ikaisha, kwani kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Asikudanganye mtu kwamba dawa hizi ni za kununua dukani na kujaribu, tena kwa mtoto!

Mtu mzima ambaye macho yake yameanza kucheza ghafla, akaona ukuta unatikisika, ana habari nyingine kabisa, naye awahi hospitali. Chanzo chaweza kuwa ugonjwa wa ubongo, upungufu wa madini ya magnesi mwilini, au hata dawa anazomeza, kama vile lithiamu na fenitoini. Kwake dawa huweza kusaidia sana, ila huchaguliwa kwa aina ya mchezo wa macho: aminopiridini kwa yale yanayopiga kuelekea chini, baklofeni kwa yale yanayobadili upande kila baada ya dakika chache.

Kwa binti yako, mama, anza na miwani iliyopimwa vizuri, kioo cha kukuzia na maandishi makubwa. Chunguza anageuzia uso upande gani anapotaka kuona vizuri. Kama ni kulia, akae upande wa kulia wa darasa, mbele, ili ubao uwe kushoto kwake. Mwalimu akimwamuru anyooshe kichwa, nenda shuleni ukamweleze, na asipoelewa, nenda tena.