Sembe iache, iliki ibebe: jibu kwa anayekwenda kuoka mikate Ujerumani

Mdogo wangu wa Kilifi, umeuliza mawili. Umefanya kazi bekari miaka minne, sasa umepata mkataba wa kusomea uokaji kusini mwa Ujerumani: kazi yenyewe ikoje? Na huko utakula nini, ubebe sembe kilo ngapi? Wengi wamekujibu la kwanza. Mimi naanza na la pili, maana ndilo lililokaribia kuniharibia la kwanza.

Mimi ni wa Mombasa, Majengo. Bofulo na mahamri nimeyajua kwa mjomba tangu nasoma shule ya msingi. Septemba 2021 nikaingia mji mdogo wa Waswabi, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, si mbali na Reutlingen, kwenye bekari ya familia: fundi mkuu, mkewe dukani, waokaji watatu na mimi mwanafunzi. Fundi mkuu tulimwita Chef, na kwao Chef ni bosi tu, hata kama hajui kukaanga yai. Sandukuni nilikuwa na sembe kilo nane. Mama alizipakia mwenyewe.

Basi miezi mitano ikawa hivi: usiku naoka mkate wao, asubuhi narudi chumbani nasonga ugali. Mkate wao niliujaribu mara moja, siku ya kwanza. Nilikata pande nene, bado la moto, kama tunavyokata bofulo, nikalichovya kwenye chai ya maziwa. Ule uchachu na yale maziwa vilipokutana mdomoni nililitema. Nikajiambia, hawa mkate wao umeharibika, wameshauzoea tu.

Februari nikasahau chumvi. Kwa unga kilo 40 inaingia chumvi gramu 800. Niliipima, nikaiweka kwenye bakuli juu ya rafu, nikaitwa kupokea magunia, niliporudi nikawasha mashine. Unga ukawa mlegevu kidogo na ukaumuka haraka kuliko siku zote, nami nikafurahi kwamba leo mkono wangu una baraka. Mikate 60 ikatoka, ikaenda dukani.

Saa tatu asubuhi bibi mmoja akarudi na nusu mkate kwenye kitambaa. Chef akaingia nao ndani, akakata slesi akala, akakata ya pili akanipa. Onja. Nikatafuna. Ikoje? Nikamwambia, nzuri Chef, kama kawaida.

Akanitazama, kisha akauliza: wewe kwako unakula mkate gani? Sikuwa na pa kujificha. Nikamweleza habari ya ugali, mpaka na mwiko nilioletewa na mama. Hakunigombeza kwa chumvi hata kidogo. Alisema hawezi kumfundisha kuoka mtu asiyeula mkate anaouoka, na kwamba kuanzia kesho saa kumi na mbili unusu nitaketi na wenzangu mezani.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kosa halikuwa la mkate. Mkate wa rai (nafaka ya baridi, unga wake wa kijivujivu) hauliwi wa moto. Unaachwa mpaka kesho yake, unakatwa slesi nyembamba kama kidole cha mtoto, unapakwa siagi nene, juu unanyunyiziwa majani ya kitunguu yaliyokatwa na chumvi kidogo. Kwa kahawa nyeusi, si chai ya maziwa. Slesi ya tatu au ya nne, wiki hiyohiyo, ulimi wangu ukakumbuka kitu: mkate wa mofa wa mtama aliokuwa akiupiga bibi yangu kwenye tanuri la udongo, ule wenye uchachu kwa mbali, tukiula na samaki wa kukaanga. Nilikuwa nimeusahau miaka na miaka. Tangu siku hiyo sembe ikaanza kukaa kabatini.

Na mikono ikafuata ulimi. Sisi ngano tunaikanda mpaka ivutike kama mpira. Rai ukiikanda hivyo unaiua. Haishikani kwa kuvutika, inanata kama udongo wa mfinyanzi, na ukiona inanata ukaongeza unga, unatoa tofali. Inakandwa kidogo, polepole, kwa mikono iliyoloweshwa maji. Uchachu nao si wa kutia ladha peke yake: bila ule ukali, wanga wa rai unavunjika ndani ya oveni na mkate unabaki mbichimbichi katikati, kisu kinatoka na utando. Haya yote niliyasoma shuleni nikayaandika vizuri kwenye daftari. Lakini kujua kwamba chachu ya leo imefika, hilo unalijua kwa kulamba kidole, nami miezi mitano nilikuwa nalamba bila kujua natafuta nini.

Sasa kazi. Tulianza saa nane usiku, tukimaliza saa nne asubuhi. Mafunzo ni miaka 3, wiki inagawika kati ya bekari na chuo, mwisho kuna mtihani wa mikono na wa maandishi. Kijerumani ulichosomea kitakusaidia chuoni. Bekari utasikia Kiswabi, lahaja ya kwao. Mimi darasani nilifundishwa kwamba mkate mdogo wa duara ni Brötchen. Siku ya kwanza nikaambiwa nilete Weckle nikabaki nimesimama. Jifunze pia namba za unga mapema: 405, 550, 1050. Si daraja la ubora. Wanachoma unga, wanapima majivu yaliyobaki, na namba ni miligramu za majivu katika gramu 100. Namba kubwa ina maana pumba nyingi zaidi zimo.

Mawili ya afya, uyachukulie kwa uzito. Vumbi la unga: pumu ya waokaji kule inatambuliwa kisheria kuwa ugonjwa wa kazi, kwa hiyo usiutupe unga mezani kwa mbwembwe kama tunavyofanya nyumbani, unyunyize chini chini. Na magadi ya Brezel, ule mkate mdogo uliofungwa kama fundo. Kabla ya kuingia oveni Brezel inachovywa kwenye maji ya magadi makali (kostiki soda, si magadi ya kupikia), asilimia 4 hivi, ndiyo yanayoipa rangi ile ya hudhurungi na ladha yake. Vaa glavu na miwani kila mara. Mimi nina alama mkononi, tone moja tu, nilipoona kumi za mwisho hazina haja ya glavu.

Brezel ya Waswabi utaijua kwa tumbo: mikono myembamba inayovunjika kwa sauti, chini tumbo nene lililochanwa kwa wembe. Ikipoa kidogo unaipasua hapo tumboni, unaweka vipande vya siagi baridi. Wa kwetu mtaani wangeiuza asubuhi badala ya mahamri na isingebaki.

Lakini uliza kuhusu mafuta. Hili nakuambia kama Mwislamu, na jina lako linaniambia nawe ni mwenzangu. Unga wa Brezel za Uswabini mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe, si siagi. Bekari yetu ilitumia mafuta hayo. Nilikwenda kwa Chef nikamwambia wazi, akanipa ruhusa ya kukanda fungu dogo la siagi kwa ajili yangu, na baadaye likawa linauzwa dukani. Keki yao ya vitunguu ya msimu wa mapukutiko nayo ni tamu sana, ila huwekwa vipande vya nguruwe. Ya kwangu nilioka kona moja ya sinia bila vipande.

Kamande nazo! Wenyewe wanazichemsha kamande za kahawia, wanazikoleza kwa siki, wanazila na Spätzle, tambi fupi za mayai zinazokwanguliwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Soseji utaiondoa. Siki ile inafanya kazi ya ukwaju, na mtu aliyelelewa kwa mchuzi wa kamande hahitaji kushawishiwa. Maultaschen, kama sambusa kubwa ya kuchemsha, huwa na nyama ndani. Wenyewe wana jina la mzaha kwamba ni vijanja vya kumdanganya Mungu, eti nyama inafichwa asiione wakati wa Kwaresma. Zipo za mchicha, hizo ndizo zangu.

Ramadhani niliiogopa bure. Aprili 2022 daku nilikula bekari bila kujificha, kwenye ile meza, mkate na mayai, wenzangu wakinikumbusha saa. Kuanzia alfajiri mpaka saa nne mbele ya oveni ya nyuzi 250 kiu ipo, sikudanganyi. Ila baada ya hapo ni usingizi mpaka alasiri, na magharibi inaingia saa mbili usiku. Mwenye kazi ya mchana anateseka zaidi.

Kilichobaki ni Fasnet, sherehe zao za kabla ya Kwaresma. Alhamisi yake wanakaanga Küchle: unga wa ngano, maziwa, mayai, siagi, hamira, unasukumwa na kukatwa pande nne. Mwaka wangu wa pili nikawekwa kwenye karai. La kwanza lilipogeuka likavimba tumbo nikacheka peke yangu, maana mkono ulikuwa umeshalijua kabla ya jicho. Nikaomba nikande kilo mbili zangu, kwa mafuta mapya ya mimea, nikatia iliki na tui la nazi la kopo. Harufu ikafika dukani. Mke wa Chef akaja kuuliza ni nini, akaondoka na sinia.

Waswabi wana msemo kwamba kutokaripiwa ni sifa tosha. Chef alikula matatu amesimama, hakusema kitu, akafuta sukari kwenye masharubu. Kisha akauliza hiyo iliki inauzwa wapi kwa kilo, kwa sababu dukani kwao huipata kwa vipakiti vidogo vya viungo vya Krismasi, tena ghali.

Kwa hiyo beba iliki nusu kilo, ya punje nzima, usisage. Sembe, ukizidiwa na hamu nayo, maduka ya Waafrika Stuttgart wanayo.