Urudie LSAT au uiache?

Mdogo wangu wa Masasi, unasema umepata 154 kwenye LSAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya sheria vya Marekani, wakati majaribio uliyokuwa unajipima nyumbani yalikuletea 160 na ushei, na sasa hujui urudie au utume maombi hivyo hivyo. Rudia. Kama hata nyumbani ungekuwa unagota 154, ningekwambia usilipe ada mara ya pili. Lakini uwezo unao, siku ile tu ilikuponyoka.

Vyuo vya sheria vya Marekani vitaziona alama zako zote, ila vingi hutazama zaidi ile ya juu.

Mimi nilirudia nikiwa hapahapa Mtwara mjini. Mara ya kwanza nilisoma usiku baada ya kupima korosho ghalani, macho mazito, vumbi la magunia bado kwenye kucha, nikijibu maswali mengi bila kujua nakosea wapi. Mara ya pili nilichukua daftari. Kila swali nililokosa niliandika kilichonivuta kwenye jibu lile. Kurasa za mwanzo zilijaa kosa moja: kuchanganya “baadhi” na “wote”. Hapo ndipo alama zangu zilipokuwa zinavuja.

Jipime kwa saa, dakika 35 kila sehemu. Vitabu vya zamani vyenye michezo ya mantiki viache, sehemu hiyo iliondolewa Agosti 2024. Na tafadhali, usichague tarehe ya Oktoba au Novemba kama mzee bado anakutegemea shambani wakati wa korosho.