Friji, Feni na Balbu: Cha Zamani au Kipya?

Friji ya mama ya tangu 1990 bado inagandisha. Yangu ya inverta imezima mwaka wa pili. Je, za zamani si bora? (Likoni)

Zilizokufa mapema zilishauzwa vyuma chakavu, ndiyo maana tunaona zile imara tu. Lakini una hoja. Kompresa ya zamani inawashwa na rilei na kulindwa na overlodi, vipuri vidogo ambavyo fundi wa mtaani huvibadilisha upesi. Ya inverta, inayobadilisha kasi yake kadiri ya baridi inayohitajika, inategemea bodi ya elektroniki, na bodi ina maadui wawili hapa kwetu: stima inayopanda na kushuka, na hewa ya chumvi inayokula njia za shaba mpaka zikatike. Mwambie fundi apime bodi kabla hajaigusa kompresa. Mara nyingi kompresa ni nzima. Ikishapona, weka friji gadi inayochelewesha dakika 3 hadi 5 stima inaporudi, acha sentimita 10 nyuma, na usiiweke kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Ya mama, soma kibati cha nyuma. Kikisema R12, gesi hiyo ilikomeshwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Siku ikivuja, kuijaza upya itakuwa taabu.

Feni yangu ya darini haianzi mpaka niisukume kwa mpini wa fagio. Ninunue ya rimoti? (Kisauni)

Bado. Hiyo ni kapasita iliyochoka, kile kipuri kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Zima meni swichi, teremsha kikombe cha feni, utafute kijisanduku cheusi chenye waya mbili. Gusanisha ncha zake kwa bisibisi ya mpini wa plastiki kabla hujakishika, ili umeme uliobaki ndani uishe. Nunua ya namba ile ile iliyoandikwa, kwa mfano 2.5 µF, ukizidisha, koili inapata moto. Mapanga yakikwaruza ukiyazungusha kwa mkono, tatizo ni beringi.

Feni za rimoti zenye mota ya BLDC, yaani inayoendeshwa na bodi ya elektroniki, zinatumia wati 30 hivi, za kawaida 75, na hilo ni jambo kubwa kwa anayelala feni ikizunguka usiku kucha. Uliza kwanza dukani: bodi yake inauzwa peke yake? Jibu likiwa hapana, iache.

Kwa nini balbu za LED haziishi miaka iliyoandikwa kwenye pakiti? (Tudor)

Joto. Kinachokufa kwanza kwa kawaida ni kapasita iliyo kwenye kitako, na umri wake hupungua karibu nusu kwa kila digrii 10 zinazoongezeka. Ndani ya kifuniko cha kioo kilichozibwa, wakati wa kaskazi, haidumu. Toa kifuniko, au tia balbu ya wati ndogo.