Mwenzangu kapanda cheo mara mbili, mimi nipo palepale

Ndugu yangu, unauliza kama kuna haja ya kuendelea kujituma, maana mwenzako mliyeanza naye kazi siku moja ameshapanda cheo mara mbili na wewe hujasogea. Sitakudanganya, bahati ipo. Ulizaliwa wapi, na nani, ulimkuta bosi wa aina gani, hayo hukuyachagua. Wanaojigamba kuwa wamefika kwa jasho lao tu huwa wamewasahau waliowabeba.

Lakini hebu tazama penisilini, dawa ya kuua bakteria. Mwaka 1928 mwanasayansi Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta kuvu imeota kwenye kisahani cha bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nayo wamekufa. Bahati hiyo! Ila ilimkuta mtu aliyekuwa ametumia miaka akitafuta kitu cha kuua vijidudu. Mwingine angekiosha kisahani akaendelea na yake. Hata hivyo penisilini iliyotoka kwenye kuvu hiyo haikuwa dawa bado. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla wanasayansi Howard Florey, Ernst Chain na wenzao hawajaisafisha ikaweza kutibu wagonjwa. Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1945.

Sasa wewe: mwaka huu umeomba nafasi ngapi? Nani nje ya idara yako anajua unachofanya? Bidii ya kimyakimya, kwa maoni yangu, ndiyo inayowaponza wengi. Anzia hapo. Ukiona umejaribu kweli na bado mlango umefungwa, tafuta kazi kwingine kabla hujachoka kabisa.