Daraja la Maboksi na Swali la Kilo Ngapi

Mara ya kwanza nilipopeleka wanafunzi kwenye mashindano ya sayansi, tulibeba daraja. La maboksi, limepakwa rangi ya fedha, na chini yake karatasi ya bluu ndiyo ziwa. Wiki mbili tulikuwa tunafunga shule jioni. Jaji mmoja, mhandisi mstaafu, akalizunguka, akalisifia, kisha akauliza: "Linabeba kilo ngapi?" Watoto wakanitazama mimi. Mimi nikatazama rangi.

Nafundisha fizikia hapa Mwanza, na tangu siku ile nimeshika jambo moja: mwanafunzi hufanya kile kinachopewa alama. Ukitoa alama kwa urembo, utaletewa urembo.

Mwaka uliofuata tulianza na mashindano yetu wenyewe, ndani ya uzio wa shule. Kila kundi la watu wanne lilipewa vijiti vya mishikaki mia moja, uzi na gundi ya mbao. Kuleta nyongeza ya nyumbani ni marufuku, maana mtoto wa mwenye hadwea atakuja na nondo na shughuli itaishia hapo. Daraja linalazwa juu ya madawati mawili yaliyoachana sentimita 50, ndoo inaning'inizwa katikati, mchanga unamiminwa kikombe kwa kikombe mpaka livunjike. Uzito wa ndoo unaugawanya kwa uzito wa daraja lenyewe. Hiyo ndiyo alama. Mwalimu mwenzangu alitaka tuache kugawanya, ati hesabu inapoozesha shangwe. Nikakataa, kwa sababu bila kugawanya kila kundi litarundika vijiti kama kuni na kushinda.

Shangwe wala haikupoa. Kelele zilikuwa za uwanja wa Kirumba siku ya mechi. Madaraja yenye fremu za mraba yalilala ubavu mapema, moja baada ya jingine. La mabinti wa kidato cha pili, la gramu 210, lilifika kilo 19, zaidi ya mara 90 ya uzito wake. Nikawauliza pembetatu zile wamezitoa wapi, nikitegemea wataje kitabu. "Kenchi, Madam. Baba yake huyu anapaua nyumba." Basi tukamwalika fundi mwenyewe, akaja na misumari mfukoni, akaeleza kwa dakika kumi kile ambacho mimi nilikuwa nimekizungusha wiki nzima: mraba ukiusukuma kwenye kona unalala, pembetatu hailali mpaka kijiti kivunjike. Siku hizi kila nikisikia shule inatafuta mgeni rasmi, nasema waanze kwa mafundi wa mtaa wao.

Walimu wenzangu, mtakapopata nauli, wapelekeni wanafunzi Kigongo na Busisi. Daraja lile la takribani kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limewakuta watoto wanaokumbuka vizuri foleni ya kivuko. Hamna haja ya kuwashawishi kwamba uhandisi una faida.

Upande wa miamba ndio ulionipa tabu. Wanafunzi wanaukuta kwenye jiografia kama orodha ya kukariri, halafu wanarudi nyumbani Mabatini au Igogo ambako mawe yamebebana juu ya bati za jirani. Niliwapa swali moja tu: nani aliyapanga? Majibu yalikuwa mengi, mengine ya majini na mapepo. Jibu lenyewe ni hili: granaiti, mwamba wa mawe hayo, ilipasuka ingali chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kuiozesha taratibu. Kona zikaisha kwanza kwa kuwa zinashambuliwa kutoka pande kadhaa kwa pamoja, likabaki jiwe la mviringo. Udongo uliolizunguka ukaja kusombwa na mvua. Kundi moja lilikata sabuni ya mche vipande vyenye kona kali, likavilaza kwenye beseni la maji na kuvipima kwa rula kila baada ya saa moja. Gharama yake ni sabuni, na hata hiyo walifulia baadaye.

Kijana mmoja mwenye ndugu Geita alikuja na jiwe linalometameta, amelifunga kwenye leso. Sikumwambia kitu. Nilimpa pini na silinda ya kupimia. Dhahabu ukiichoma inabonyea. Chembe za jiwe lake zilibanduka kama magamba ya sangara. Ulanga huo, madini ya kumetameta yasiyo dhahabu. Jiwe zima likatoa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali dhahabu safi ni 19.3. Alinyong'onyea siku nzima, lakini aliandika kila kipimo, akachora na jedwali.

Kwenye mashindano ya nje ya shule alipewa alama za chini, kwa maelezo kwamba "hakugundua kitu". Nilibishana na meza ya majaji mpaka nikaombwa kwa upole nikae. Kumbe hata wao walikuwa bado wanatafuta rangi ya fedha.

Kijana hajakata tamaa. Sasa anataka kujua kwa nini jiwe la juu pale Bismarck, ule mwamba ulio ndani ya ziwa, halidondoki majini, na ametengeneza kipima mteremko kwa protrakta, uzi na nati ya baiskeli. Tunachokosa ni mwenye mtumbwi asiyeona ajabu kubeba watoto sita na protrakta.