Sura ya 13: kiasi cha kulipa, pesa za mchezo na kiwanja cha nyumbani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji walioko Marekani, na karibu wote wamo ndani ya Sura ya 13 ya sheria ya ufilisi au wako mlangoni. Kwa asiyeijua: Sura ya 7 huuza mali isiyo na kinga (ile ambayo sheria haikuruhusu kubaki nayo) na kufuta madeni katika miezi michache. Sura ya 13 hukuachia mali yako, ila kila mwezi unakabidhi sehemu ya kipato kwa msimamizi, naye huwagawia wadai kwa miaka 3 hadi 5, kwa kufuata mpango wa malipo ulioidhinishwa na jaji. Tunajibu kwa sheria ya shirikisho. Taratibu ndogondogo hutofautiana kati ya mahakama na mahakama, hizo muulize wakili wako.

Kesi yangu imefunguliwa wiki iliyopita, na mpango utasikilizwa baada ya miezi miwili. Naanza kulipa baada ya hapo, siyo?

Siyo. Malipo ya kwanza yanadaiwa ndani ya siku 30 tangu kesi ilipofunguliwa, jaji awe ameidhinisha mpango au bado. Wanaojikwaa hapa mara nyingi ni wale walioambiwa kwamba mwajiri atakata kwenye mshahara. Amri ya makato huchelewa kufika ofisi ya mishahara, mwezi unakatika, na msimamizi anaandika kwamba hujalipa. Angalia karatasi yako ya mshahara. Kama makato hayapo, tuma mwenyewe kwa njia aliyoelekeza msimamizi, ukiandika namba ya kesi.

Tarehe nyingine za kuweka kichwani: mpango wenyewe uwasilishwe ndani ya siku 14, na kikao cha kuhojiwa na msimamizi chini ya kiapo huja kati ya siku ya 21 na ya 50. Kabla ya kikao hicho ritani za kodi za miaka 4 iliyopita, kama ulitakiwa kuzipeleka, ziwe zimeshafika. Waliokuwa wakiendesha magari ya abiria kwa programu za simu bila kupeleka ritani hukwama hapa hapa, na mpango hauidhinishwi.

Nina malimbikizo ya mkopo wa nyumba dola 12,000. Gari nililonunua miaka 4 iliyopita nadaiwa 15,000, ila halina thamani zaidi ya 9,000. Kodi ya mapato nadaiwa 3,000, na wakili bado ananidai 3,000. Nitalipa ngapi kwa mwezi?

Tuchukue miezi 60. Malimbikizo ya nyumba: 12,000 kugawa kwa 60 ni dola 200. Kumbuka kwamba malipo ya kawaida ya nyumba yanaendelea pembeni, na deni lenyewe la nyumba unayoishi halipunguzwi. Mpango unakupa nafasi ya kuziba pengo tu.

Gari ndilo lenye nafuu. Kwa kuwa mkopo una zaidi ya siku 910, unaweza kuomba ulipe thamani ya gari badala ya deni lote. Dola 9,000 kwa riba ya asilimia 9 ni kama 187 kwa mwezi. Zile 6,000 zilizobaki zinaungana na kadi za mkopo kwenye fungu la madeni yasiyo na dhamana, yaani yasiyowekewa rehani. Ungekuwa umelinunua mwaka jana kwa matumizi yako binafsi, ungelilipia deni lote. Kodi 50, wakili 50. Jumla 487.

Sasa ongeza ada ya msimamizi, ambayo inaweza kufika asilimia 10. Wengi huchukua 487 na kuongeza sehemu ya kumi, wanapata 535.70. Wamekosea. Ada inakatwa kwenye pesa anayopokea msimamizi, kwa hiyo unagawa: 487 kwa 0.9, unapata 541.11. Tofauti ni dola 5 na senti, lakini kwa miezi 60 inafika karibu 325, na mpango unaopungukiwa hivyo utakuja kukudai mwishoni, ukidhani umemaliza.

Wenye kadi za mkopo wanapata nini? Kinachobaki kwenye kipato chako baada ya matumizi ya lazima. Wakati mwingine ni senti chache kwa kila dola, na sheria inaruhusu.

Natuma dola 300 kila mwezi kwa mama yangu Tanga. Naambiwa niziondoe kwenye bajeti.

Usiziondoe kimyakimya halafu ukaendelea kutuma. Mama hatakosa dawa, kitakachokosa malipo ni mpango. Jedwali J, fomu ya matumizi, lina mstari wake kabisa kwa ajili ya watu unaowasaidia ambao hamuishi pamoja. Ziandike hapo.

Kazi iko kwenye ushahidi. Kama kipato chako kinazidi kile cha kati cha jimbo lako kwa ukubwa wa familia yako, hesabu hufuata fomu kali zaidi, nayo inakubali gharama za lazima za kumtunza ndugu wa karibu aliye mzee, mgonjwa wa muda mrefu au mwenye ulemavu, asiyeweza kujilipia. Mama mzee asiye na pensheni anaingia. Mchango wa harusi ya binamu hauingii, hata ukiwa wa kila mwezi. Kusanya stakabadhi za miezi 12, jina la mpokeaji liwe lile lile, na barua ya hospitali iliyotafsiriwa kama ipo. Tatizo linalojirudia ni pesa kupitia simu ya kaka kwa sababu mama hana simu. Msimamizi anaona mwanamume mwenye afya anapokea dola 300. Kama ndivyo ilivyo, kaka aandike maelezo na kuyasaini.

Tunacheza mchezo (upatu) watu 10, dola 500 kila mwezi. Mimi nilipokea mwezi wa tatu. Je, mahakama inahusika na mambo yetu?

Inahusika. Baada ya raundi ya tatu zimebaki 7, kwa hiyo unadaiwa dola 3,500, na hilo ni deni kama la kadi. Liandike, pamoja na majina na anwani za wenzako, siyo kijumbe anayekusanya pesa peke yake. Ungekuwa hujapokea, zile 1,500 ulizokwisha kutoa zingekuwa mali yako, na zingeandikwa upande wa mali.

Kishawishi ni kuwamalizia wenzako kabla ya kufungua kesi ili usiaibike. Hapo unawaponza. Malipo ya deni kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi, au kwa mtu mwingine ndani ya siku 90, yakifika jumla ya dola 600 au zaidi yanaweza kudaiwa yarudishwe, na atakayedaiwa ni huyo uliyemlipa. Ukiendelea kutoa 500 baada ya kesi kuanza, swali litakuwa rahisi: kama unazo, kwa nini haziendi kwa wadai wote?

Mwenzio aliyekudhamini kwa mkopo wa matumizi ya nyumbani yuko salama kidogo. Kinga ya mahakama, ile inayowazuia wadai kukufuatilia wakati kesi inaendelea, inamfunika naye, kwa kiasi ambacho mpango wako unalilipa deni hilo. Na kesi ikishaisha na deni kufutwa, hakuna sheria inayokukataza kumlipa mtu kwa hiari yako.

Nina kiwanja Kibaha. Nacho?

Nacho. Mali yako popote duniani inaandikwa. Haichukuliwi katika Sura ya 13, lakini thamani isiyofunikwa na misamaha ya sheria inapandisha kiasi wanachopaswa kupata wadai wasio na dhamana. Kiwanja cha dola 8,000 kisicho na kinga kinaongeza kama 133 kwa mwezi, kabla ya ada ya msimamizi. Leta ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, siyo bei ya dalali. Kama hati ina jina la baba na wewe umejenga tu, eleza hivyo hivyo. Kuficha ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. Kufungua kesi ya ufilisi peke yake si sababu ya kumfukuza nchini mwenye grini kadi, ila kutiwa hatiani kwa udanganyifu ni habari nyingine.

Niko mwezi wa 20, kazini wamepunguza saa, nimeruka malipo mawili ya 541.

Mpigie wakili wiki hii. Mpango unaweza kurekebishwa, lakini hauwezi kuvuka miaka 5 tangu malipo ya kwanza yalipotakiwa, kwa hiyo hakuna mwezi wa 61 wa kusukumia deni. Dola 1,082 zikitawanywa kwenye miezi 40 iliyobaki ni kama 27 juu ya kila lipo. Kama kipato kimeshuka kwa kudumu, unaomba kupunguza fungu la kadi za mkopo. Kodi na malimbikizo ya nyumba hayapunguziki. Ikishindikana kabisa, kuna kuhamia Sura ya 7.

Usiiache kesi ifutwe ukidhani utafungua nyingine. Ukifungua ndani ya mwaka, kinga hudumu siku 30 tu mpaka jaji aiongeze. Zikiwa zimefutwa mbili ndani ya mwaka, ya tatu inaanza bila kinga, na benki inaweza kuendelea na mnada wa nyumba.

Injini imekufa, nahitaji gari jingine kwa mkopo.

Ruhusa kwanza, saini baadaye. Mwombe muuzaji karatasi yenye bei, riba na malipo ya mwezi, wakili aipeleke kwa msimamizi au mahakamani pamoja na bajeti mpya. Ruhusa huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kwa hiyo panga usafiri wa kazini wa muda huo, na usikubali muuzaji akukabidhi funguo "wakati tunasubiri".